Eti Katesh na Roboti Wapi na Wapi? Kaeni kwa Kutulia

Ubuyu wa wiki hii umetokea mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Si Sinza, si Mikocheni. Katesh! Ndio, Katesh ile ile ya Hanang, mkoani Manyara, ambayo wengi mnaijua kwa kupita tu na basi la kutoka Arusha kwenda Singida, mmelala midomo wazi, mkishtuka mnamuuliza jirani hapa ni wapi.

Pale kuna dogo mmoja, jina lipo ila halitajwi. Kazi yake ni steshenari. Mchana anachapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya kuuziana viwanja na mihtasari ya vikao vya kijiji. Jioni mwenye duka akishaondoka, dogo anabaki na kompyuta ile ile, anachapa vya kwake. Na vya kwake sio ile hadithi mnayoijua ya bosi tajiri na hausigeli mwenye siri. Ni riwaya ya kisayansi, ya kwanza maishani mwake, na imefika mwisho. Ameiandika upya mara tatu. Sasa anahangaika kuitoa iwe kitabu cha kushika mkononi.

Juzi akaposti kava. Hapo ndipo alipoyakanyaga.

Mchekeshaji mmoja wa mtandaoni (yule anayevaa miwani ya giza hata saa tano usiku) akapiga skrinishoti, akaiweka kwenye ukurasa wake na kicheko kirefu. Eti Katesh na roboti wapi na wapi. Eti dogo amalize kwanza kuvuna mbaazi. Basi, kundi zima likaangukia hapo hapo, wa kucheka wakacheka, wa kuitana wakaitana. Dada mmoja mwenye jina lake kwenye hadithi za mapenzi akaja kumalizia kwa ule ustaarabu wenye sumu ndani: mambo ya sayansi ya kubuni ni ya Wazungu, Mswahili anataka hadithi inayomgusa.

Inayomgusa. Hilo neno lisipite hivi hivi.

Maana wanaocheka hawaijui Katesh hata kidogo. Kama kuna sehemu nchi hii ambayo mashine za kigeni zimeigusa mpaka zikaacha kovu, ni uwanda wa Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali kupitia shirika lake la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, iliendesha kilimo kikubwa cha ngano upande wa Basotu. Mashamba saba. Zaidi ya ekari 70,000. Matrekta ya kutisha, mashine za kuvuna zenye upana wa nyumba, wataalamu waliotoka upande wa pili wa dunia. Kwenye ripoti ilisomeka vizuri sana. Lakini kwa mchungaji wa Kibarbaig aliyekuwa anapeleka ng'ombe pale pale alipopeleka babu yake, kile kilikuwa kitu kimeshuka kutoka anga nyingine. Malisho bora yakaenda. Njia za mifugo zikakatwa. Hata bung'eda, yale makaburi ya vichuguu ambayo Wabarbaig huwajengea wazee wao wa heshima, mengine yakapitiwa na jembe la trekta. Watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mpaka mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, halafu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawageuzia kibao.

Mradi ule ulikuja kufa. Kovu lipo.

Sasa sikia riwaya ya dogo inahusu nini. Ni mwaka 2091. Kwenye uwanda wa Basotu kuna mashine za ngano zinazojiendesha zenyewe, zinalima na kuvuna bila binadamu. Kampuni iliyozileta ilishafilisika zamani, wenye hisa wamekufa, ofisi zimefungwa, ila hakuna aliyeziambia mashine. Zinaendelea kulima. Zinalima mashamba, zinalima barabara, zinalima makaburi, zinaghala ngano ambayo hakuna anayekuja kuichukua. Na kuna binti wa Kibarbaig mwenye ng'ombe kumi na moja ambaye inabidi ajifunze lugha ya zile mashine ili azishawishi zimwachie kaburi la babu yake.

Hiyo ndiyo hadithi isiyogusa watu? Haya.

Na kuna la pili. Desemba 3, 2023, Jumapili, alfajiri, watu wamelala. Mvua ilikuwa imenyesha. Kipande cha Mlima Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, kikameguka. Matope, mawe na magogo yakateremka yakapita Jorodom, yakapita Gendabi, yakaingia Katesh mjini. Waliokufa walizidi 80. Mitandaoni watu wale wale wenye bando la kuchekea wenzao wakaanza kusambaza kwamba volkano imelipuka, mpaka Serikali ikabidi itoke kueleza kwamba hapana, ni sehemu ya mlima iliyolowa maji ikashindwa kujishikilia. Na siku hiyo viongozi wa dunia walikuwa Dubai kwenye mkutano wa COP28, wanajadili mabadiliko ya tabianchi. Rais Samia alikuwa huko huko, akakatisha safari.

Mlima unatembea kuelekea mjini wakati dunia imekaa kwenye viti vya kuzunguka inajadili hali ya hewa. Ungeiandika hivyo kwenye riwaya mwaka 2022, mhariri angekuambia umezidisha chumvi. Halafu kijana aliyekulia chini ya mlima huo akiandika kuhusu ardhi na mashine na siku zijazo, anaambiwa arudi kwenye mbaazi!

Hii tabia ya wapi na wapi ingekuwepo zamani, nusu ya vitabu mnavyojisifia visingekuwepo. Miaka ya 1950 mwishoni, Mzanzibari Muhammed Said Abdulla aliandika hadithi ya mpelelezi anayevuta kiko, Bwana Msa, akaingia nayo kwenye mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, akashinda. Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wa kiko! Kile kilikuwa kitu cha Waingereza asilimia mia. Leo nani anathubutu kusema upelelezi sio wetu? Akaja Katalambulla na Simu ya Kifo 1965, akaja Musiba na Willy Gamba wake, akaja Mtobwa na Joram Kiango. Baba zenu walikuwa wanaazimana vitabu hivyo mpaka kava linatoka. Hakuna aliyesema Unguja na upelelezi wapi na wapi, au kama alikuwepo, hakuwa na intaneti ya kumpa ujasiri.

Tena hata hiyo sayansi ya kubuni yenyewe sio ngeni kwenye Kiswahili kama mnavyodanganyana. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ni nchi inayoelea angani. ANGANI. Mmeisoma shuleni, mmeijibia mtihani, mmeandika dhamira zake kwa kalamu ya bluu. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi akatoa Walenisi, mtu amehukumiwa kufa, anafungiwa kwenye chombo cha anga, chombo kinampeleka sayari nyingine kabisa yenye jamii ya haki. Mwaka 2002 Kyallo Wamitila akatoa Bina-Adamu! Sio vitabu vya kubeba begani kwa urahisi, kweli, vingine mpaka usome mara mbili. Lakini vipo. Mlango ulishafunguliwa na watu wazima, dogo wa Katesh anapita tu.

Tatizo liko kwingine, na kicheko cha yule mchekeshaji kinalifunika vizuri.

Dogo aliupeleka mswada kwa mchapishaji mmoja wa Dar. Ofisi safi, kiyoyozi kinaunguruma, vitabu vimepangwa ukutani. Mtu wa pale hakufungua hata ukurasa wa kwanza. Swali lake lilikuwa moja: hii ipo kwenye silabasi? Haipo. Basi mazungumzo yakaishia hapo. Na hapa haki itendeke, mchapishaji naye ana hesabu zake. Kitabu kinachosomwa shuleni kina mnunuzi hata kabla hakijapigwa chapa. Riwaya ya kawaida inabidi imtafute mnunuzi mmoja mmoja, barabarani, kwa mtu ambaye anaona elfu kumi ya kitabu ni nyingi lakini elfu kumi ya chipsi kuku ni kawaida. Karatasi inalipiwa, wino unalipiwa. Sawa. Lakini kama kazi ya mchapishaji ni kusubiri orodha ya shule itoke ndipo achape, basi ajiite mpiga chapa, asijiite mchapishaji. Kuna kazi ya kusoma mswada wa mtu asiyejulikana na kuamua. Hiyo ndiyo kazi. Kama haifanyiki, mwandishi wa Katesh na mwandishi wa Masaki wote wanabaki na mafaili kwenye flashi.

Wapo watakaosema kuna tuzo. Zipo, na ni jambo zuri. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 na imewatoa watu wengi gizani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, mshindi wa kwanza akabeba milioni 10, na mswada unaoshinda unachapwa na kupelekwa shuleni. Hakuna anayebeza hilo. Ila tuzo inachukua watu wachache kwa mwaka. Wa nne, wa tano, wa ishirini, ambao huenda kazi zao ni nzuri tu, wanaenda wapi? Wanarudi kwenye flashi. Nchi haiwezi kuwa na mlango mmoja wa kuingilia vitabu, tena unaofunguliwa mara moja kwa mwaka kwa mashindano.

Baada ya mchapishaji, dogo akaangukia kwa admini wa kundi kubwa la simulizi, mmoja wa wale wanaouza hadithi sehemu kwa sehemu. Huyu angalau alisoma. Alisoma sehemu tatu, akamwambia hadithi ina moto ila aweke mapenzi. Kila baada ya sehemu mbili kuwe na kitu cha kitandani. Na kama hakuna mwanaume wa karibu kwenye hadithi, basi ile mashine ya kuvuna impende binti.

Mashine ya kuvuna. Impende binti.

Dogo akakataa, na kwa hilo tu anastahili soda. Hakuna mwenye ugomvi na hadithi za mapenzi, watu wazima wanapendana na wataendelea kupendana. Ugomvi ni hii imani kwamba msomaji wa Kiswahili ana kiungo kimoja tu mwilini. Msomaji huyo huyo alijaza kumbi za sinema mwaka 2018 kuangalia Wakanda, alifunga mikono kifuani mwezi mzima kama mfalme, na usiku anakesha na tamthilia za Wakorea zenye majini ya anga. Akiletewa kitu hicho hicho kwa Kiswahili, kutoka Manyara, ghafla anaambiwa hakimgusi. Nani kamuuliza?

Halafu kuna kundi la washauri wenye suti: andika Kiingereza utoboe kimataifa. Hawa wanapenda sana neno kimataifa. Basi wasikie habari ya Liu Cixin. Mchina, mhandisi kwenye kituo cha kufua umeme, Niangziguan, mkoa wa Shanxi, sehemu ambayo hata Wachina wengi wangehitaji ramani kuiona. Akawa anaandika riwaya za anga huku analinda mitambo. Riwaya yake ya The Three-Body Problem ilianza kutoka vipande vipande 2006 kwenye jarida la Kichina la hadithi za kisayansi, ikawa kitabu 2008, kwa Kichina, kwa wasomaji wa Kichina. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja 2014. Mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya Hugo, na 2024 Netflix wakaitoa tamthilia. Kimataifa ilimfuata kwake, kwenye mitambo yake. Lakini tazama kilichomshika mkono kabla ya hapo: jarida. Kulikuwa na watu wamekaa, wanasoma hadithi za kisayansi zinazotumwa na mhandisi wa mkoani, wanachagua, wanalipa, wanatoa. Hicho ndicho Kiswahili hakina, sio vipaji. Kila Julai 7 hotuba za Siku ya Kiswahili Duniani zinatolewa mpaka spika zinachemka, tangu UNESCO ilipoitangaza 2021. Jarida moja la hadithi za kubuni lenye mhariri anayelipwa lingefanya kazi kubwa kuliko keki zote za siku hiyo.

Na Kiswahili chenyewe kinafaidika. Mwaka 2022 makarani wa sensa walipogawiwa vishikwambi, nchi nzima ilicheka hilo neno. Kishikwambi! Leo walimu waliorithi vile vifaa baada ya sensa wanalitaja bila hata kutabasamu. Mpaka sasa watu wanavutana iwe akili mnemba au akili unde. Wataalamu watakaa vikao, watagonga muhuri, lakini neno linaingia mdomoni kwa watu pale linapokuwa kwenye hadithi, mtu anataka kujua hiyo akili mnemba itamfanya nini binti wa watu usiku huu.

Sasa zamu yenu, wasomaji. Msijifiche nyuma ya mchapishaji.

Dogo aliweka sehemu kumi za kwanza bure kwenye Facebook, apime maji. Zilipokelewa vizuri, watu wakawa wanadai inayofuata kama wanadai mshahara. Siku chache baadaye hadithi ile ile ikaonekana kundi lingine, jina lake limefutwa, jina la mtu mwingine limekaa juu, na anayeitaka sehemu ya 11 atume pesa kwa simu. Sehemu ya 11 ilikuwa bado haijaandikwa! Kuna watu wametapeliwa hapo na wamestahili. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, ila kijana wa steshenari atamkimbiza nani mahakamani, kwa nauli ipi?

Kutoa bure mwanzoni sio kosa. Mmarekani Andy Weir alitoa The Martian bure kwenye tovuti yake, sura baada ya sura, 2011 akaiweka Kindle kwa senti 99 kwa sababu wasomaji wenyewe waliomba, 2014 ikatolewa na mchapishaji mkubwa, 2015 ikawa filamu. Tofauti ni kwamba wasomaji wake waliposoma bure, wengine wakamwandikia kumsahihishia hesabu za sayansi, na kitabu kilipokuja kuuzwa wakanunua. Hapa mtu akisoma bure sehemu kumi, anachukia akiambiwa ya 11 ni shilingi mia tano. Anaona kama kaibiwa yeye.

Dogo naye asijione malaika. Kava alilitoa mapema mno, mwaka na zaidi anatangaza kitabu kinakuja hivi karibuni, mpaka ndugu zake wameanza kumuuliza kwa sauti ile ya kuuliza harusi iliyoahirishwa. Na zile sehemu za mwanzo, waliozisoma wanajua: kurasa nyingi za kueleza betri inavyofanya kazi wakati msomaji anataka kumjua binti. Anahitaji mhariri wa kumkatia maneno bila huruma. Mhariri mzuri analipwa, na pesa ya steshenari inajulikana. Ndio maana mlango wa mchapishaji ungemsaidia zaidi ya hela, ungempa jicho la pili. Kwa sasa jicho la pili ni mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili ambaye anarudisha kurasa zimejaa wino mwekundu, na ambaye hajawahi kuuliza Katesh na roboti wapi na wapi. Aliuliza tu kwa nini binti ana ng'ombe kumi na moja ukurasa wa tano na tisa ukurasa wa arobaini, na hakuna aliyekufa.

Hapo ndipo mambo yalipofika. Ng'ombe wamehesabiwa upya. Namba ya ISBN inashughulikiwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Kiwanda kimoja cha uchapaji Arusha kimempa bei na kinataka nusu mbele, na nusu hiyo inachangwa kwa watu wanaolipia nakala kabla haijatoka, majina yao yanaandikwa kwenye kaunta buku pale pale steshenari, kati ya wateja wa fotokopi. Wapo walimu, wapo bodaboda, yupo muuza dawa za mifugo aliyelipia mbili.

Na juzi usiku inboksi ya dogo imepokea ujumbe kutoka kwa mtu wa karibu kabisa na mchekeshaji wa miwani. Anasema bosi wake ameipenda ile habari ya mashine zinazolima makaburi, anataka kujua inaishaje. Anaomba atumiwe pidiefu. Ya bure.